Simu Huzidisha Inachokikuta



Katika mikutano yetu ya Jumapili baada ya Misa, swali moja limerudi mara nyingi: je, kijana wa Goma aliye na simu mkononi anahitaji bado kukaa miaka miwili au mitatu kwa fundi seremala, kwa fundi cherehani au kwa fundi umeme? Wako miongoni mwenu wanaosema kwamba dunia imegeuka, kwamba simu ndiyo jembe la siku hizi, na kwamba anayelishika jembe hilo atavuna kuliko aliyeshika randa. Wako pia wazee wetu wanaojibu kwa hasira kwamba simu imewalemaza vijana, na kwamba zamani watu walifanya kazi zaidi. Sisi tuliopewa wajibu wa kufundisha katekisimu, na tuliojifunza ualimu kwa chaki na ubao, hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Tunaomba nafasi ya kueleza kwa nini.

Neno la kwanza la kulielewa ni tija. Tija si wingi wa kazi, wala si wingi wa jasho. Ni matunda yanayopatikana kwa kila kipimo cha muda na nguvu zilizotumika. Fundi anayeshona sare nne za shule kwa siku, akifika kushona sita kwa ubora uleule na bila kukesha, tija yake imeongezeka. Akizishona sita kwa kukesha hadi usiku wa manane, ameongeza kazi tu. Na akishona sita ambazo zitafumuka kabla ya Noeli, hakuna alichoongeza. Amemhamishia mzazi hasara.

Sisi wa Kivu tunalijua jambo hili kwa macho. Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, ulibuniwa na watu wetu wenyewe, na kijana mmoja akiwa nao hubeba mizigo ya viazi, makaa au mbao ambayo ingewahitaji wachukuzi kadhaa. Ndiyo maana mji wetu umeusimamishia sanamu. Hakuna mzee aliyewahi kusema kwamba chukudu imewafanya vijana wavivu. Chombo kizuri humpunguzia mtu mzigo na kumwongezea mavuno. Basi tuulize hivyo hivyo kuhusu simu, kompyuta, intaneti na programu zake: je, vinaongeza mavuno ya saa ya kazi, na mavuno hayo yanaingia ghala la nani?

Tuanze na mema, kwa kuwa haki inatudai hivyo. Kati ya mwaka 1997 na 2001, simu za mkononi zilienea katika pwani ya Kerala, kusini mwa India, na mtaalamu wa uchumi aitwaye Robert Jensen akawachunguza wavuvi wa huko. Kabla ya simu, kila mvuvi alipeleka samaki wake kwenye soko la kwao. Siku nyingine soko moja lilijaa hadi samaki wakatupwa, huku soko la jirani wanunuzi wakirudi nyumbani mikono mitupu. Simu zilipofika, mvuvi aliuliza bei akiwa bado baharini, kisha akaelekea palipokuwa na wahitaji. Faida ya wavuvi ilipanda kwa karibu asilimia 8, bei kwa walaji ikashuka kwa karibu asilimia 4, na samaki wakaacha kutupwa. Bahari haikuongeza hata samaki mmoja. Kilichoongezeka ni habari ya kweli iliyofika kwa wakati. Yeyote aliyefika Kituku alfajiri na kuona jinsi sambaza isivyomngojea mtu aliyechelewa ataelewa mara moja jambo hilo lina maana gani kwa mama muuzaji.

Karibu nasi zaidi, nchini Kenya, huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007. Wachunguzi wawili, Tavneet Suri na William Jack, walichapisha mwaka 2016 makadirio yao kwamba huduma hiyo ilizitoa katika ufukara familia zipatazo 194,000, yaani asilimia 2 ya familia zote za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda biashara ndogo. Si kwamba simu iliwapa mtaji. Iliwapa mahali pa kuweka akiba na njia ya kupokea msaada wa ndugu siku ya shida, nao wakathubutu kuanza.

Na hapa kwetu, nani atasahau mwisho wa Januari 2025? Vita ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, fedha za simu ndizo zilizobaki kuwa daraja kati ya baba aliye mbali na watoto walio hapa. Familia nyingi zilinunua unga kwa fedha zilizofika kwa njia hiyo. Anayesema kwamba simu haikutuletea kitu isipokuwa uvivu hajakumbuka siku zile.

Lakini, wapendwa, mfano huo huo una upande wa pili. Fedha zilifika katika simu, ila noti zilikuwa zimeadimika, na aliyekuwa nazo aliweza kudai ada kubwa kuliko ya kawaida ili akupe fedha taslimu. Chombo kilikuwa kilekile. Mikononi mwa ndugu kilikuwa msaada. Mikononi mwa mwenye tamaa kikawa kitanzi. Hapo ndipo tunapofikia jambo ambalo tungependa mlishike katika makala haya: simu haina mavuno yake yenyewe. Huzidisha inachokikuta.

Mtatusamehe tukirudi darasani kidogo. Katika hesabu za kuzidisha, namba kubwa kiasi gani ikizidishwa kwa sufuri hutoa sufuri. Simu ni namba kubwa sana. Ikikuta ufundi, huupeleka ufundi huo hadi mitaa ambayo fundi hajawahi kukanyaga. Ikikuta uaminifu, huujengea jina. Ikikuta mikono isiyojua kazi, hutoa sufuri, hata kama mwenye mikono hiyo atakesha akiitazama. Na ikikuta udanganyifu, huuzidisha vilevile: mwizi ambaye zamani angemhadaa mtu mmoja sokoni leo huwatumia mamia ujumbe mmoja, akiwaahidi kwamba fedha zao zitaongezeka maradufu kwa wiki. Vijana wa mashirika yetu hai wamepoteza karo kwa njia hiyo, na baadhi yao wameona haya kuwaambia wazazi.

Wataalamu nao walishangazwa na sufuri hiyo. Mwaka 1987 mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, aliandika kwa mzaha kwamba zama za kompyuta zaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Viwanda na ofisi za nchi tajiri zilikuwa zimenunua mashine kwa fedha nyingi, na mavuno hayakuonekana. Mwaka 1990 mwanahistoria wa uchumi Paul David alitoa maelezo yanayotufaa hata sisi. Alikumbusha habari za umeme. Mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Marekani vilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke iliyozungusha mhimili mrefu, na mashine zote zikafungwa kwenye mhimili huo kwa mikanda. Umeme ulipokuja, wenye viwanda wengi waliondoa injini ya mvuke wakaweka mota moja kubwa ya umeme mahali pake, wakaacha mhimili, mikanda na mpangilio wote kama ulivyokuwa. Faida ikawa ndogo. Mavuno makubwa yalikuja miaka ya 1920 tu, pale kila mashine ilipopewa mota yake, jengo likapangwa upya kufuata mwendo wa kazi, na wafanyakazi wakafundishwa upya. Ilichukua karibu miaka 40.

Tumeiona hali hiyo kwa macho yetu katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Ilinunua kompyuta kwa michango ya watu. Tangu siku ile, karani huandika habari katika daftari kubwa kama zamani, kisha huzinakili zilezile katika kompyuta, kisha huzichapa, kisha hupiga muhuri na kuweka karatasi katika faili. Mtu anayefuata cheti husubiri kuliko alivyosubiri baba yake, na siku ambayo umeme umekatika huambiwa arudi kesho. Kompyuta haina kosa. Imewekwa juu ya mazoea ya zamani bila mtu kuthubutu kuuliza: hatua ipi kati ya hizi haihitajiki tena? Kununua chombo ni kazi ya siku moja. Kubadili mpangilio wa kazi na kumfundisha mtu ni kazi ya miaka, na ndiyo inayozaa.

Tena chombo chenyewe husimama juu ya kitu kingine. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, katika Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 13.6, na miaka iliyofuata umeme wa mito ya Virunga ukafika hadi Goma. Kabla yake, umeme wa Mutwanga ulikuwa umewezesha kiwanda cha sabuni kusimama vijijini. Msagaji, mchomeleaji wa vyuma na seremala wakipata umeme wanaoweza kuutegemea, simu zao nazo hupata kitu cha kuzidisha: mteja wa Himbi ataagiza kitanda kwa picha, na kitanda kitatengenezwa. Bila randa, bila umeme na bila fundi, picha ya kitanda hailaliwi.

Hapa tunamjibu kijana aliyetuuliza kama aache kwa fundi wake ili auze vocha na kutafuta bahati katika simu. Tunajua kinachomsukuma. Nyumbani kuna njaa, na fundi hamlipi mwanafunzi. Hatumdharau anayeuza vocha kwa ajili ya mkate wa leo. Kazi yoyote ya halali ina heshima. Lakini tunamsihi asiihesabu hiyo kuwa njia ya mkato. Kazi ambayo kila mwenye simu anaweza kuifanya kesho asubuhi hulipwa kidogo, kwa sababu hiyohiyo kwamba kila mtu anaweza kuifanya. Ufundi ulioingia katika mikono kwa miaka mitatu hauigwi kwa kubonyeza. Vivyo hivyo mwanafunzi anayeiambia akili mnemba imwandikie zoezi la shule: ameokoa saa moja, lakini saa ile ndiyo iliyokuwa na kazi ya kumfanya ajue. Mavuno ya shule ni mwanafunzi mwenyewe, si karatasi anayoitoa.

Tulisema tutauliza pia mavuno yanaingia ghala la nani. Hatuwezi kulikwepa swali hilo sisi tunaoishi chini ya vilima vya Masisi. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia hutoka Rubaya. Kutoka katika koltani hupatikana tantali, madini yanayotumika kutengenezea vipande vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Ofisi za mbali huhesabu tija yao kwa sekunde kwa msaada wa madini hayo. Na huku yanakoanzia, kijana wa umri wenu huyachimba kwa sururu na koleo, huyabeba mgongoni, na mvua ikinyesha udongo waweza kumfunika. Dunia imeongeza kasi katika kila hatua ya safari ya jiwe hilo isipokuwa hatua ya kwanza, ile yenye uchungu zaidi. Tukisema teknolojia imeinua tija ya dunia, tuseme pia kwamba mgongo wa kijana wa Rubaya haujahesabiwa.

Kanisa lilikwisha kuona hatari hii. Mwaka 1891, mashine za mvuke zilipokuwa zimejaza matajiri na kuwachosha maskini, Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika waraka Rerum novarum kutetea haki za wafanyakazi. Mwaka 1981, katika Laborem exercens, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba ufundi wa mashine ni mshirika wa mtu, ila waweza kugeuka kuwa kama adui yake pale unapomnyang'anya kazi au kumfanya mtumwa wa mashine. Tarehe 28 Januari 2025 Vatikano ilitoa hati Antiqua et nova juu ya akili mnemba, ikionya kwamba mashine zaweza kumpokonya mfanyakazi ufundi wake na kumweka chini ya ulinzi wa kila dakika. Siku hizohizo sisi tulikuwa tumelala sakafuni tukisikiliza risasi, na hati hiyo haikutufikia mara moja. Na Mei 2025 Papa mpya alipochagua jina la Leo wa Kumi na Nne, alieleza mwenyewe kwamba alimkumbuka yule Leo wa mwaka 1891, kwa kuwa sasa tuko katika mapinduzi mengine ya viwanda.

Lakini hatuna haja ya kwenda Roma kutafuta mfano. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alikuwa kijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani kupata shule, na alifanya kazi katika Office Congolais de Contrôle, ofisi inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani na kufika katika sahani zetu. Alikataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Mfikirie Mwenyeheri huyu kwa lugha ya tija. Kama angetia sahihi, mizigo mingi ingepita kwa saa moja, foleni ingekuwa fupi, na hesabu za siku zingependeza. Kompyuta ya leo ingeandikisha magunia yale kwa kasi mara kumi, yakiwa mazima au yameoza, bila kuona tofauti yoyote. Kilichokuwa kinapimwa siku ile hakikuwa kasi. Ilikuwa ni kama watoto wa Goma watakula sumu au hawatakula. Hilo liliamuliwa na dhamiri ya mtu mmoja aliyesema hapana. Siku ambayo ofisi zetu zote zitakuwa na mashine za kisasa, tutamhitaji Floribert zaidi, kwa sababu sahihi ya uongo itasafiri haraka zaidi na mbali zaidi kuliko mwaka 2007.

Basi tuwashauri nini? Kwanza, jifunzeni kazi kamili kabla ya kuipeleka katika simu; na wewe uliye kwa fundi, vumilia hadi mwisho, huku ukijifunza kutunza hesabu na kuwasiliana na wateja kwa simu, maana fundi mzee atakuhitaji kwa hilo. Pili, kila mnapoingiza chombo kipya katika kikundi chenu, iwe ni ushirika wa akiba, kwaya au duka dogo, ulizeni ni kazi gani ya zamani itaachwa. Kama hakuna, mmenunua mzigo. Tatu, saa ambayo chombo kimewaokolea itafutieni matumizi yake mapema, la sivyo simu ileile iliyoiokoa itaimeza kwa michezo ya kubahatisha na video zisizo na mwisho. Mama aliyepata saa moja ya ziada ampumzike Mungu humo, amsomeshe mtoto, amtembelee mgonjwa. Hayo pia ni mavuno, ingawa hakuna takwimu inayoyahesabu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anasimulia juu ya watumishi waliopewa talanta. Yule wa tatu hakulaumiwa kwa kupewa kidogo; alilaumiwa kwa kukifukia alichopewa. Kuna namna mpya ya kufukia talanta: kuishika mkononi mchana kutwa, ikiwaka na kung'aa, bila kuitumia kwa lolote. Kwa hiyo, katika mkutano wenu ujao, tunawaomba kila mmoja aseme mbele ya wenzake mambo mawili: ni kazi gani mikono yangu inaijua, na ni nani atakayekula matunda yake. Mkishajibu, mje mtuambie. Tutatafuta pamoja mafundi wa parokia watakaowapokea wale ambao jibu lao la kwanza bado ni sufuri.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, utuombee.